Pipa la Buluu la Koko

Siku ile naikumbuka vizuri, Naserian mwanangu, na kila nikiikumbuka uso unanichoma. Mimi si mzee. Lakini leo nitakushauri kama mzee, na utanisikiliza.

Nilikuwa nafanya kazi ya kompyuta kwa stoo moja hapa Kitengela, ya kemikali za viwandani zinazotoka ng'ambo. Sheria ikabadilika. Zamani kemikali ilipangwa kulingana na kazi yake: hii ya gundi, hii ya rangi, hii ya kuosha mitambo. Sasa ikawa ipangwe kulingana na vile inaumiza mtu. Programu yetu ikabidi ibadilishwe, na mimi nikapewa kazi ya kuipa kila kemikali kundi jipya, nikisoma karatasi iliyokuja nayo.

Sikusoma zote. Malori yalikuwa yamepanga foleni getini, bosi amesimama nyuma ya kiti changu, na programu inakataa kutoa mzigo wowote usio na kundi. Zilizobaki nikazisukuma zote kwa kundi la madhara madogo. Ikakubali. Kompyuta haikuulizi kama umesoma.

Sasa, kemikali ya madhara madogo ikiisha, pipa lake lilioshwa na mfanyakazi aliruhusiwa kwenda nalo nyumbani. Nikachukua moja la buluu, zuri kabisa, nikampelekea koko, nyanya yako, ambaye mimi namwita yeyo, yaani mama, huko Kajiado, kwa sababu kwake maji yanaletwa na lori na ukikosa pa kuyaweka umeyakosa. Nilijigamba mbele ya majirani. Wewe ulikuwa unakaa naye, mdogo bado, ndio mimi nipate kufanya kazi.

Jumatatu moja nikapata nafasi, nikasoma zile karatasi nilizoruka. Kemikali iliyokuwa kwa lile pipa inaingia ndani ya plastiki na haitoki kwa kuosha. Pipa kama hilo ni la kuharibiwa, si la maji. Nilirekebisha kompyuta saa hiyo hiyo, na mapipa yaliyokuwa stoo yakazuiwa.

Koko sikumpigia simu.

Niliona aibu, basi. Nikajidanganya kwamba ni maji ya kufua tu. Nikapanga ningoje Jumamosi, ninunue pipa lingine, nibadilishe kimya kimya, niseme hili ni kubwa zaidi.

Jumamosi nikafika na pipa langu kwa pikapu. Ulikuja ukikimbia huku unajikuna. Shingo na mgongo, vipele vitupu. Koko alikuwa analaumu sabuni. Alikupaka mafuta, na kila jioni alikuwa akikuogesha kwa maji ya lile pipa.

Ule uongo niliokuja nao nikauacha. Nikamwambia yote. Hakupaza sauti. Aliliangusha pipa, akaangalia maji yote yakienda, kisha akaniuliza, "Ulijua lini, Mama Naserian?"

"Jumatatu, yeyo."

"Na kompyuta ulirekebisha lini?"

"Jumatatu."

Akakushika kichwa, akakuvuta kwake. "Kompyuta imejua Jumatatu. Mimi ninayeogesha mtoto nimejua leo."

Vipele vilipona, zahanati walitupa dawa. Hayo maneno bado yananiuma. Bosi nimemkasirikia miaka yote hii, na sitaacha. Lakini bosi hakunishika mkono nisipige simu. Huyo ni mimi.

Kwa hivyo nisikize, mwanangu. Utakosea kazini, hata kama umesoma kunishinda. Ukikosea, usianze na mashine, wala usianze na jina lako. Anza na yule ambaye kosa lako liko ndani ya nyumba yake. Mwambie siku hiyo hiyo, mikono mitupu, kabla hujapata zawadi ya kujifichia. Atakukasirikia. Acha akukasirikie.

Enkai, Mungu wetu, akufunike. Akupe maji safi popote utakapolala, na mtu wa kukukemea ukiwa bado unaweza kusikia, kama vile alinipa mimi koko wako.