Farasi Aliyevaa Kanga Yangu

Leo nimemkataza bwana harusi kupanda farasi wake, na sijutii!

Mjukuu wangu Zuhura kaolewa hapa Kariakoo. Mume kaja na farasi wa kukodi, mwekundu, mzuri, mpaka wenye maduka wakatoka nje kumtazama. Nikahisi naota mchana kweupe.

Mwenye farasi akamvua tandiko apumzike.
Mgongoni nikaona madoa meupe kama maua.
Nikadhani wamempamba! Nikamgusa.
Ngozi yake yote ikatetemeka.

"Taratibu, bibi," mwenye farasi akasema. "Tandiko lilimchubua zamani, manyoya yakaota meupe."
"Na hapa ubavuni panapotoka damu, pia zamani?"
Akageuka kuliokota tandiko.

Wakataka kumtandika tena, Zuhura apandishwe nyuma ya mumewe waende Magomeni. Kwetu bibi ndiye mwenye mlango wa bibi harusi; asiporuhusu, hatoki mtu. Nikasimama mlangoni.
"Mjukuu wangu hatoki humu akakalie kidonda!"
"Bibi, mpiga picha anasubiri," mume akalalamika.
"Akupige ukitembea. Miguu si unayo?"

Akainama, akakitazama kile kidonda. Halafu akavua viatu vyake vipya, akacheka.
"Hata mimi vimenichubua, bibi. Twende."

Nikamtandazia farasi kanga yangu mgongoni. Akatangulia polepole, sisi nyuma tunaimba. Pale Jangwani upepo ukaipeperusha, nikaona kama yeye ndiye anayeolewa.

Kanga imerudi na manyoya meupe. Siifui.

Nyie mnaokodi farasi wa harusi, nani alishatazama chini ya tandiko? Jibuni hapa chini, msiniwekee vikopakopa vya moyo tu!