Ng'ombe Niliyempangia Ratiba

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kijiji chetu cha Tarime kilikuwa na zizi la ng'ombe waliokamatwa kutoka kwa wezi. Walikaa humo mpaka mwenyewe atokee. Nilikabidhiwa mimi kwa sababu moja tu: nilimaliza kidato cha nne. Malipo yalikuwa maziwa, na niliyataka kwa hasira, maana ziwa langu lilishakauka na mwanangu hajaanza hata kutambaa.

Alibaki jike mmoja mwekundu na ndama wake, wanasema kaibwa upande wa Mbalibali. Nikampangia ratiba. Ndiyo, ratiba, kama bweni la wasichana: maji, majani, mapumziko, ukaguzi. Nikafagia asubuhi na jioni. Nikang'oa kisiki, nikasawazisha kichuguu, nikapaka nguzo chokaa. Wageni wakaletwa kuona zizi la mfano. Kichwa kikavimba.

Ng'ombe naye akaanza kuyumbisha chake, kushoto kulia, kutwa nzima. Akaguguna nguzo mpaka mdomo ukawa mweupe. Majani hataki. Maziwa yakapungua, ndama hashibi, sembuse mwanangu. Mimi nikaongeza kufagia!

"Msomi," mama mkwe akaniuliza, "huyo kafeli somo gani?"

Mwenyekiti wa kijiji akaja kuchungulia. "Mama, huyu mgonjwa. Tuna wageni tena. Kesho vijana watamchukua, achinjwe kabla hajafa."

"Na mwenyewe akija?"

"Tutamwonyesha ngozi."

Nilimtukana matusi ambayo shuleni hayafundishwi, lakini alikuwa ameshaondoka. Asubuhi, mtoto mgongoni, nikaziba lango kwa ndani na kila nilichoweza kuburuta: matawi ya migunga, gogo la kuni, na udongo wa kichuguu niliouweka wa kukandika jiko. Nikapenya kwenye ua, nikasimama nje na jembe, tayari kwa vita.

Walipofika hakuna aliyeniangalia mimi. Walikuwa wanatazama nyuma yangu.

Ng'ombe alikuwa amechomeka pembe kwenye ule udongo, anaurusha mgongoni. Akaenda kwenye gogo, akajikuna shingo kwa raha zake. Kisha akaanza kudokoa majani katikati ya miiba, polepole, ndama pembeni anaiga. Kichwa kimetulia.

"Zizi gani chafu hivi?" mwenyekiti akafoka. Akamgeukia kijana mwenye kamba: "Mura, kijana wangu, ingia!"

Kijana hakusogea. "Mzee, mgonjwa ni yupi?"

"Huo uchafu ni mbinu ya kisasa," nikadakia, bila haya hata kidogo.

"Sasa wageni watakula nini?"

Mama mkwe, aliyekuwa amewafuata nyuma, akamjibu mwenyekiti: "Wapeni ratiba."

Walicheka mpaka kamba ikakunjwa. Fagio nikalirudisha nyumbani, na kila asubuhi nikawa namtupia ng'ombe kitu cha kuhangaika nacho. Maziwa hayakurudi siku hiyo. Yalirudi kidogo kidogo. Kikombe cha kwanza kujaa kilikuwa na chembe za udongo mwekundu. Mimi, niliyependa usafi karibu nichemshe hata fagio, nikazitoa kwa kidole, nikamnywesha mwanangu.