Ukanda wa Sponji

Gundi nyeupe ya seremala ina harufu ya maziwa yaliyoanza kuchacha. Nikipita mbele ya karakana yoyote hapa Bunia na ile harufu ikanifikia, namwona baba amepiga magoti uani kwetu mbele ya sanduku la mbao, gundi imemjaa vidole vyote. Mimi nina miaka minane.

Baba alikuwa fundi wa vitanda na makabati. Mwaka ule kwaya ya kanisa letu ilimwomba awatengenezee bafle mbili za Pasaka, yaani masanduku ya kuwekea spika. Spika zenyewe zilitoka kwa jirani yetu Kambale, fundi wa redio, rafiki yake tangu Butembo. Familia zetu zilikuja huku kwenye lori moja, tumeketi juu ya magunia ya vitunguu. Kambale ndiye aliyemfundisha kwamba kabati linaweza kuvumilia ufa, bafle hapana.

"Bafle iko sawa tumbo," alimwambia. "Ikitoboka, haitaimba."

Baba alilichukua neno hilo kama amri. Alichanganya unga wa mbao na gundi mpaka ukawa kama ugali mlaini, akaupaka katika kila pembe ya ndani na kuzunguka tundu la waya. Kwenye ukingo ambako mfuniko wa nyuma ungekaa, alibandika ukanda wa sponji ya godoro, mimi nikimshikia chupa. Kisha akaenda kula wakati gundi inakauka.

Mwanasesere wangu hakuwa na godoro. Niliutazama ule ukanda, nikaona hautaumia ukipungua kipande cha urefu wa kiganja, tena upande wa chini, ambako hakuna anayetazama. Nikabandua. Baba aliporudi, alifunika na kukaza visi, yaani skrubu, huku akizungumza na mteja wa kitanda.

Bafle ya kwanza iliimba vizuri. Ya pili ilikohoa. Kila besi ilipopiga, mluzi mwembamba ulitoka kama kwenye kifua cha mzee mwenye pumu. Baba, aliyeamini kazi yake, alimtumia Kambale ujumbe kwamba amempa spika iliyokufa. Kambale akajibu kwamba spika zake hazijawahi kumwaibisha mtu. Baada ya siku mbili hawakusalimiana tena. Mama na mke wa Kambale, waliozoea kupelekeana sombe, mboga ya majani ya muhogo, kila Jumamosi, nao wakaacha. Mimi nilijua, nikanyamaza.

Siku ya tano asubuhi, Kambale alikuja mwenyewe. Hakuketi. Aliusukuma uso wa spika ya bafle ya pili taratibu kwa ncha za vidole, ukarudi upesi.

"Unaona? Kama ingefungwa muzuri, ingerudia polepole."

Akaomba mshumaa, wakawasha muziki, akaupitisha ule mshumaa kandokando ya mfuniko. Kwenye ukingo wa chini mwali ulilala, ukazimika.

Baba alifungua visi zote. Tuliona sote: ukanda umezunguka vizuri, na chini pana pengo. Alilipitishia kidole. Akainua macho, yakanipitia nilipokuwa nimesimama mlangoni, yakaenda kwa Kambale.

"Ni miye nilisahau," akasema. "Unisamehe, ndugu yangu."

"Fundi mukubwa sawa weye, unasahau sponji?" Kambale alicheka, akaketi, na mama akaweka chai motoni.

Pasaka bafle ziliimba. Lakini kisa kilienea mtaani, na kwa miaka mingi wateja walimuuliza baba amesahau nini kwenye vitanda vyao. Alicheka pamoja nao.

Wakati ule niliamini kwamba amejishuku mwenyewe, nikashukuru kunusurika. Nilikuwa mtu mzima, nashona nguo za watu, nilipoelewa. Mtu hasahau kiganja kizima katikati ya mstari alioubandika kwa mkono wake. Halafu palikuwa na gundi kavu katika lile pengo, imeshika chembe za sponji; kidole chake kilizikuta. Alijua kuna mkono uliobandua, na uani kwetu hapakuwa na mtoto mwingine. Aliamua papo hapo kwamba rafiki arudi, mtoto asitajwe, na yeye abaki na jina la msahaulifu.

Yuko hai, bado anapiga randa. Sijawahi kumuuliza. Najua atanijibu kwamba alisahau.