Siku Shangazi Alipoambiwa Akome

Chekeni tu, mimi nilishacheka nikamaliza, na aibu yenyewe bado haijanitoka. Hadi leo nikipita ile barabara ya kusini mwa Minneapolis natazama upande mwingine, nisije nikaonana macho kwa macho na yule mama mwenye mgahawa.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee huko Golden Valley, ile ya kugeuza watu vitandani, kubadilisha mashuka, kugeuza tena, mpaka kukipambazuka mgongo hauna habari na wewe. Baraka, mchumba wangu, alikuwa dereva wa lori, kwa hivyo wiki nyingi alikuwa mtu wa simu tu. Baraka ni wa Tanga, mimi ni wa Nakuru, na shida ilianzia hapo, kwa sababu kwao hakuna posa ingeletwa kwetu kabla Shangazi Perpetua hajasema nafaa. Huyu ni dada ya baba yake, anaishi Maplewood, anafanya kazi ya kufua nguo hospitalini, lakini kabla ya kuja Amerika alifundisha Kiswahili miaka na miaka, na alishasema kanisani, mbele za watu, kwamba Wakenya ni watu wazuri ila ndimi zao hazina adabu. (Siku ya kwanza nilimwambia "nipe maji," akanitazama mpaka nikaongeza "naomba" mwenyewe.)

Basi Jumamosi hiyo alikuwa anakuja kwangu kula chakula cha mchana, ndiyo siku ya kunipima. Mwenzangu wa kunipokea kazini hakutokea, nikashikiliwa huko, nilipofika nyumbani nyama ilikuwa bado jiwe kwenye friza na macho yangu yanawasha kama yametiwa pilipili. Nikasema, wacha nimpeleke hoteli. Karibu na kwangu kulikuwa na mgahawa mdogo wa watu wa Venezuela, nilishawahi kubeba chakula pale, wali, maharage meusi, nyama iliyochambuliwa na ndizi mbivu za kukaanga, nikajua mtu wa Tanga hapo hawezi kulalamika. Uamuzi mdogo tu, jamani, wa mtu aliyechoka.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mama mwenye mgahawa, mnene, mchangamfu, Kiingereza chake cha kuokoteza, alitupokea kama wageni waliopotea siku nyingi. Shangazi akaishika arepa, ule mkate wao wa unga wa mahindi, akaigeuza, akasema, "Kumbe na hawa wana sembe!" Nikaona mbingu zimefunguka. Kisha akasema, "Mwanangu, tuombe."

Shangazi haombi kama mimi na wewe. Alianza na safari yake ya kutoka Maplewood, akamshukuru Mungu kwa kila taa ya barabarani, akaenda Tanga kwa wagonjwa, akarudi hospitalini kwa wagonjwa wengine, na alipofika kwa viongozi wa mataifa yote mimi nilikuwa nimelala. Sikusinzia, nililala, na ndoto juu. Nikamwota mzee wangu mmoja wa kazini anayechomoa mpira wa oksijeni puani kila nikigeuka, namkimbilia, na papo hapo nikasikia sauti ya mwanamke, kali, karibu kabisa: "Koma! Koma!"

Nikashtuka. Shangazi amefumbua macho, sala imekatika katikati ya viongozi, ananitazama mimi. Nyuma yetu hakuna mtu ila yule mama anaingia zake jikoni na sinia.

"Umesemaje?" Shangazi akaniuliza.

Sasa mimi ningejuaje nimesema nini? Ndotoni nilikuwa namfokea mzee, na mdomo wangu naujua. Nikasema, "Nisamehe, Shangazi. Imenitoka tu."

"Imekutoka. Naongea na Mungu, unaniambia nikome, halafu imekutoka."

Akaweka mikono mapajani. Chakula hagusi, na mimi nitakula vipi mkubwa hali? Tukakaa hivyo, maharage yanapoa, nami moyoni naiona posa inarudi Tanga bila kufika Nakuru. Nilitaka kulia. Nilikuwa nimechoka hata kulia nikashindwa.

Yule mama akatoka jikoni, akaona sahani zimejaa, uso ukamwanguka. Akamwinamia Shangazi, akamshika bega, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Koma, mi amor, koma!"

Shangazi akaruka. "Koma wewe!" akafoka, kidole kikielekea kifuani kwa yule mama. "Tena ukome kabisa!"

Na yule mama, Mungu amweke, akafurahi! Akashika kifua, "¿Yo?" yaani mimi, akavuta kiti, akaketi, akachukua kipande cha ndizi kwenye sahani ya Shangazi, akala. Akatafuna akitabasamu, akimwonyesha mdomo wake, "Koma, koma," anamsukumia sahani. Hapo ndipo akili yangu ikaamka, kwamba kwa lugha yao ya Kihispania huyu mtu anasema kula. Lakini Shangazi alishafika mlangoni, koti amelivaa ndani nje, na mgahawa mzima unatutazama. Nikalipa huku nimeinamisha kichwa.

Kwenye gari, nikimrudisha kwake, nikamweleza. Hakuniamini. "Usiniongopee, binti. Matusi ni matusi." Tulipokuwa karibu kuingia Saint Paul akatoa simu, akampigia mwenzake wa kule kufua nguo, mama wa Meksiko, akaweka sauti kubwa. "Sister, koma, what is it? In your language."

"Eat, Perpetua," simu ikajibu. "When you respect the person. Eat, please."

Akakata simu. Tukaenda, theluji pande zote mbili.

"Kwa hiyo alikuwa ananikaribisha," akasema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Na mimi nikamjibu nini?"

"Ulimkaribisha, Shangazi. Ndiyo maana alikula."

Nikasikia mlio, nikadhani analia, kumbe anacheka, mabega yanatetemeka, anafuta macho kwa kilemba. Nami nikaanza kucheka, nikaona nimeokoka. Kisha akanigeukia ghafla.

"Ngoja kwanza. Kama ni yeye aliyesema, wewe uliniomba msamaha wa nini?"

Sikuwa na nguvu ya kutunga uongo. "Nilikuwa nimelala, Shangazi."

"Tangu wapi?"

"Tangu kwa wagonjwa wa Tanga."

Akanitazama sana, macho yangu mekundu, sare ya kazi ambayo hata sikukumbuka kuibadilisha. "Maskini wee," akasema, na hilo ndilo lililoniliza. Kisha akajikaza. "Nitamwambia kaka alete posa. Ila siku ya harusi sala nitaomba mimi, nitaomba yote, na wewe utaisikiliza umesimama."

Na alifanya hivyohivyo, nami nimesimama, viatu virefu na vyote. Tangu hapo nimeapa, nikitoka kazini simkaribishi mtu kabla sijalala, na akija mapema atanikuta kitandani, akitaka kuomba aniombee hapohapo.