Uongo Mmoja wa Mwalimu wa Ngoliba

Siku yangu ya kwanza kwenye ofisi ya vitabu pale Thika, nilipewa kiti kibovu na mswada wa mtu aliyekwenda hadi kwenye jua akarudi bila kuungua. Mswada, vijana, ni kitabu kabla hakijachapwa. Kazi yangu ilikuwa kusoma hadithi za ajabu, za mazimwi na za vyombo vya kuruka angani, kisha kuandika maoni ya ukurasa mmoja. Mnadhani ni raha. Someni mazimwi asubuhi hadi jioni, wiki nenda wiki rudi, muone kama mtamtamani mwingine.

Mhariri Mkuu, Mzungu mvuta kiko, alinifundisha kanuni moja tu.

"Hadithi ya ajabu inaruhusiwa uongo mmoja mkubwa," alisema. "Baada ya hapo kila kitu kiwe kweli. Mvua ilowanishe, watu waone njaa."

Basi kwa kila mswada aliniuliza, "Uongo wake mmoja ni upi?" Nami nilimtajia: ng'ombe anayesema, mlima unaohama. Tukaenda hivyo.

Jioni nilikimbilia nyumbani Ruiru kabla ya kafyu, saa ya marufuku kutoka nje, maana ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni. Nyumba yetu ilikuwa imechomwa asubuhi moja, na jioni hiyo hiyo mimi na mama tukalala kwenye kijiji kipya cha watu waliohamishwa kwa nguvu. Kilizungukwa na mtaro wenye vigingi vilivyochongwa, na tuliuchimba sisi wenyewe. Ofisini sikumwambia mtu.

Kisha ukaja mswada wa mwalimu mmoja wa Ngoliba. Watu wa mwezini wanahamishwa kwa siku moja. Nyumba zao zinachomwa, wanachimbishwa mtaro kuzunguka kijiji. Mama mmoja anarudi kwenye majivu kutafuta chungu chake. Mama yangu naye alirudia chungu. Niliufunga mswada, nikaogopa hata kukohoa.

"Hiyo ya mwezini," Mhariri Mkuu akauliza, "uongo wake mmoja ni upi?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: mwezi. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini miaka ile mpenzi huyo angelala kizuizini, na mwalimu pamoja naye.

"Yote ni uongo mtupu, Bwana. Hakuna atakayeamini."

"Kijiji kizima, siku moja?" Alicheka. "Hata mimi siamini. Lakini watoto watapenda. Andika."

Nikaandika: *Haya hayawezi kutokea duniani.* Maneno hayo yalichapwa nyuma ya jalada. Mwalimu hakuguswa. Tulipokutana baada ya Hali ya Hatari kuisha, nilimwambia maneno yale ni yangu, naye akanishika mkono kwa muda mrefu.

"Asante kwa kutoniamini," alisema.

Nilistaafu zamani, na nimechoka. Sentensi ile moja imenichosha kuliko mazimwi yote. Juzi mjukuu wangu, anayesoma chuo kule Juja, alikimaliza kitabu hicho.

"Guka, story ni poa, lakini hiyo ya mtaro ni too much. Watu wote siku moja? Haiwezekani." Akakigeuza. "Ona, hata reviewer alisema hapa nyuma."

Sina tena nguvu za kubishana. Nilichukua bakora, nikampeleka nyuma ya nyumba, hapa hapa kilipokuwa kijiji kile, mahali migomba yetu imeota ndani ya bonde jembamba kwa mstari mmoja mrefu. Nikamwambia ashuke asimame. Ukingo ulimfika kifuani.

"Huyo reviewer," nikamwambia, "alichimba kuanzia hapo uliposimama."