Kaburi Nililoliona Kwenye Kompyuta

Nichekeni wenzangu, kulia nimeshalia mwenyewe.

Mjukuu wangu Athumani, mchoraji wa majengo kwa kompyuta, alinionyesha kwenye kompyuta yake kaburi la mama yake, binti yangu Somoe, aliyezikwa Kilimarondo. Limejengewa kwa saruji, na ardhi yote imefagiwa, mistari ya ufagio imepindapinda. Nikajua amejenga kimyakimya. Nikatangaza kijijini kwetu Naipingo kote, nikisifia hata palivyofagiwa, kisha nikawachukua majirani zangu Bi Hadija na Bi Fatu tukasome dua kaburini.

Tulikuta majani yamefika kiunoni.

"Biti Saidi, kaburi lako la saruji limekwenda kutembea?" akauliza Bi Hadija.

Athumani alikuwa amepata habari, akatufuata kwa baiskeli. "Bibi, ile siyo picha ya kupiga, nimeichora. Ndivyo nitakavyojenga nikipata uwezo. Ardhi tu ndiyo ya kweli. Nilipiga picha kipande cha uwanja wako, nikakirudiarudia mpaka maungio yasionekane."

"Alifagia nani?"

"Mama, kabla hajaugua."

Mistari ile ndiyo niliyomgombezea Somoe tangu utotoni mwake, kwamba anapindisha ufagio. Nami nimeisifia kijiji kizima, nisiujue mkono wa mwanangu.