Kamera Ndani ya Hotpoti

Khulud alikuwa mwoga tangu utotoni, na aliponunua kamera uoga wake wote ulihamia kwenye kamera. Akitoka Kinondoni kwenda kupiga picha hakuitia mkobani wala hakuivaa shingoni, kwa kuwa vishandu wa pikipiki hupora chochote kinachoning'inia. Aliizungushia kipande cha kitenge, akaitia ndani ya hotpoti, akaipakata hotpoti juu ya bodaboda kama mtu anayepeleka chakula msibani. Nyumbani aliiweka lenzi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, juu ya soksi iliyojazwa mchele mkavu. Fundi mmoja aliwahi kumwonyesha lenzi iliyoota fangasi kwa unyevu wa pwani, na tangu siku hiyo kila asubuhi aliifunua ndoo ile moyo ukimdunda.

Hakuwa mpiga picha wa kulipwa. Riziki yake ilitoka katika duka la vitambaa aliloachiwa na baba yake. Picha alizipenda tu. Alipiga mikono ya wateja wakipapasa hariri, mwanga wa saa kumi ukiingia dukani kupitia vyuma vya dirisha, wauza kahawa wakipanga vikombe. Uso wa mtu hakuupiga kabla ya kumwomba, na akikataliwa alishusha kamera na kushukuru. Ilikuwa tabia njema, na watu walimwamini kwa ajili yake. Laiti angekijua chombo chenyewe kwa makini yaleyale.

Siku ya kununua alikwenda Kariakoo na kaka yake, Abdulhadi. Muuzaji, kijana aitwaye Allen, alimwekea mezani lenzi ndefu kama chupa ya chai.

"Sista, hii ndiyo mashine. Mtu yuko Kigamboni, wewe uko Posta, unamvuta mpaka unahesabu vifungo vya shati."

"Sitaki kumvuta mtu asiyejua kwamba ninamtazama," Khulud alisema. "Nipe ile fupi, inayopiga ndani ya nyumba bila flashi."

"Fupi itakulazimisha kumsogelea mtu."

"Ndivyo ninavyotaka."

Lenzi aliichagua kwa busara. Kamera yenyewe aliichagua kwa tamaa. Palikuwa na moja ya zamani, nzito, isiyo na mambo mengi, ambayo ingemtosha kabisa. Lakini Allen alimwonyesha nyingine mpya zaidi, akapiga picha ya kaunta, na papo hapo picha ileile ikatokea kwenye simu.

"Inajituma yenyewe. Huhangaiki na waya."

Simu ya Khulud ilikuwa imejaa, haikuweza kupokea programu ya kamera. Abdulhadi akatoa yake, Allen akaunganisha, mambo yakaisha. Tangu siku hiyo kila Khulud aliporudi kutoka matembezini alikaa sebuleni karibu na kaka yake, na simu ya Abdulhadi ilianza kutetemeka, picha zikiingia moja moja. Zilizompendeza kaka alizirusha kwenye kundi la familia. Ikawa desturi ya nyumba. Khulud aliizoea kama mtu anavyozoea mngurumo wa friji, na hakujiuliza tena ni kitu gani kinachofanya kazi, wala kinaanzia wapi na kuishia wapi.

Kisha ikaja singo ya Abrar.

Abrar alikuwa binti wa shangazi yake, akiolewa Temeke. Siku ya singo ni ya wanawake peke yao. Bibi harusi hukalishwa uani akiwa amejifunga kanga kifuani, mabega wazi, nywele zimefunguliwa, akapakwa manukato na kusuguliwa mwili huku wenzake wakiimba. Hata wageni huvua mabuibui na kukaa kama walivyo. Ndiyo maana simu haziingii. Mlangoni alikaa Mauwa, jirani wa miaka mingi, na kapu mapajani.

"Shoga, tumbukiza," alimwambia Khulud. "Hata yenye kioo kilichopasuka. Nawajua nyie."

Khulud akatumbukiza simu yake.

"Na hotpoti? Umetuletea biriani au unatutega?"

Khulud akafunua. Mauwa akacheka, akamwita Bi Samiha, somo wa bibi harusi, mwanamke mzee ambaye alikuwa amewafunda nusu ya mabinti wa mtaa ule. Bi Samiha aliitazama kamera bila kuigusa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Abrar ameniambia. Anataka kumbukumbu, na amekutaja wewe, kwa kuwa unaogopa. Hiki kitu hakina simu ndani?"

"Hii ni kamera tu, Bibi. Haiongei na mtu."

"Basi ni amana."

"Ni amana, Bibi."

Hakukusudia kudanganya. Lakini anayesema asilolijua kwa sauti ya mtu anayejua hamwachii mwenzake njia ya kujikinga, na nia yake njema haimsaidii mwenzake huyo kitu.

Uani palifunikwa turubai la buluu, na Khulud alipopiga picha ya kwanza aliona kasoro: mwanga ulipita kwenye turubai na kuwafanya watu wote wa buluu, Abrar akaonekana kama mtu aliyepatwa na baridi. Alijaribu kurekebisha rangi kwenye kamera, haikusaidia. Akatafuta mahali pazuri zaidi. Upande wa uchochoroni, pembeni ya turubai, palikuwa na ukuta uliopakwa chokaa, na jua la alasiri lililougonga lilirudi laini kama maziwa. Akaomba bibi harusi ahamishiwe pale na mkeka wake. Wanawake wakahama wakiimba.

Pale picha zikawa picha. Bega la Abrar liling'aa kwa mafuta, nywele zilimwagika mgongoni, na kicheko alichocheka mtu alipomtania kuhusu bwana harusi kilikuwa cha mtoto. Lenzi fupi ilimlazimisha Khulud kusogea, naye akasogea, akapiga, akasogea tena. Kwa mara ya kwanza tangu anunue kamera alisahau kuogopa.

Aliinua kioo cha kamera atazame alichopata. Kwenye pembe ya chini palikuwa na alama ndogo, mchoro wa simu na mshale, ukiwaka na kuzimika.

Alama ile aliijua. Aliiona kila jioni sebuleni kwao.

Nyuma ya ukuta mtu alikohoa, kisha wanaume wakacheka pamoja. Walikuwa ndugu wa pande zote mbili za harusi, wamewekewa viti uchochoroni wasubiri kula, na katikati ya kicheko kile aliisikia sauti ya Abdulhadi, karibu kiasi kwamba angeweza kumwita bila kupaza sauti.

Alama ikawaka, ikazimika, ikawaka. Kila ilipowaka aliona bega la Abrar likivuka ukuta. Alitafuta kitufe cha kuzima asikione, akafungua mlango wa betri kwa kucha, betri ikamdondokea miguuni, kioo kikawa cheusi. Lakini alichokwisha kutuma, kimetumwa.

"Mbona umesimama?" Abrar aliuliza. "Nimependeza mno?"

"Betri," alisema Khulud, na sauti yake mwenyewe ilimtisha.

Alivaa buibui nyuma mbele, akavua, akavaa tena. Aliitia kamera ndani ya hotpoti kwa kuwa hakujua afanye nini tena na mikono yake. Kwenye korido aliegemea mlango. Alifikiria kundi la familia: wajomba, binamu walioko Muscat, wake zao, watoto wao. Kaka yake angeweza kugusa mahali pamoja tu, kwa desturi, bila kutazama vizuri. Alifikiria pia upande wa bwana harusi, ambao walikuwa wamekaa kwenye viti vilevile.

Alipotokeza nje, wanaume walinyamaza kwa heshima, kisha mmoja akasema, "Hatimaye. Hotpoti imetukumbuka na sisi."

"Hii ni ya kaka," alisema Khulud. "Kaka, njoo kidogo."

Abdulhadi alisimama, mikono mitupu.

"Simu yako iko wapi?"

"Anayo Ami Hashil. Anatafuta saa ya Magharibi."

Ami Hashil, baba mdogo wa bwana harusi, alikuwa ameinyoosha simu mbali na uso wake, urefu wote wa mkono, akiikunjia macho.

"Abdulhadi," alisema mzee, "simu yako ina homa. Kila dakika inatetemeka. Na mie miwani nimeiacha kwenye gari."

"Nipe, Ami," alisema Khulud. Hakuwa amewahi kuzungumza naye kabla ya siku ile. "Nipe, tafadhali. Inatakiwa ndani."

Mzee akamtazama, akatazama mkono wake alioukinga, akampa simu kifudifudi. Huenda aliigeuza kwa kuwa hakuona kitu. Huenda aliigeuza kwa kuwa aliona. Uso wake haukusema, na Khulud hakuthubutu kuusoma.

Abdulhadi alimfuata mpaka mlangoni. "Kuna nini? Nimekosea?"

"Ulifungua picha yoyote?"

"Picha gani? Simu nimempa mzee tangu tulipokaa."

"Usiulize, kaka. Nitajie namba za kufungulia."

Korido ilikuwa tupu. Alifungua simu. Zilikuwa pale zote, zimejipanga, Abrar baada ya Abrar. Kundi la familia halikuwa na kipya. Alizifuta, kisha akazitafuta mahali zinapobaki zikifutwa, akazifuta na huko. Akaiondoa na programu ya kamera.

Hapo ndipo hofu ya pili ilipomjia, na ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu ilikuja na njia ya kutokea. Hakuna aliyejua. Kaka hakuona. Mzee hana miwani. Angeweza kurudisha betri, kupaka uso maji, na kuendelea kupiga, na jioni wanawake wangemshukuru. Kumwambia Abrar sasa, katika siku yake, kungemuumiza kwa jambo ambalo pengine halikutokea. Hivyo ndivyo mtu anavyojishawishi: huanza kumhurumia aliyemkosea ili asimwambie.

Lakini yeye ndiye aliyesema ni amana. Na bega lile halikuwa lake hata aamue mwenyewe nini kijulikane juu yake.

Alirudi uani, akamwinamia Bi Samiha sikioni, kisha akachuchumaa mbele ya Abrar. Nyimbo ziliendelea nyuma yao. Aliweka hotpoti katikati, akaifunua: kamera, na juu yake simu ya Abdulhadi.

"Nilisema haiongei na mtu," alimwambia Abrar. "Ilikuwa inaongea na hii. Nimezifuta. Hii simu ilikuwa nje."

Abrar alivuta kanga mpaka kidevuni kabla hajasema neno. "Mkononi mwa nani?"

"Ami Hashil."

"Ameona?"

Neno "hapana" lilikuwa mdomoni, tayari, jepesi. Lingemrudishia Abrar kicheko chake.

"Sijui," alisema Khulud. "Hana miwani. Lakini sijui."

Bi Samiha alifumba macho. Hakumkemea. Aliinyoosha kanga kwenye mabega ya Abrar, polepole, kama mtu anayefunika chakula kisiingie inzi, kisha akasema, "Umesema mwenyewe. Hilo nimelisikia. Na lile la mwanzo pia nililisikia."

Wimbo ulipoisha Abrar alimgeukia Khulud. "Futa na za ndani ya kamera," alisema. "Kisha piga moja. Nikiwa hivi."

Khulud alizifuta mbele yake moja baada ya nyingine, na zilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Akapiga ile moja. Bibi harusi amejifunika mpaka kidevuni, mwanga wa chokaa unamwangaza vizuri, na macho yake hayaitazami lenzi. Yanatazama ukuta, upande wa pili ambako wanaume wanacheka.

Picha hiyo iko ukutani kwa Abrar mpaka leo. Wageni huisifu kwa haya ya bibi harusi. Khulud akienda kumtembelea hukaa kwenye kiti kinachoipa mgongo.

Kamera ile aliirudisha Kariakoo, akachukua ile nzito ya zamani, na Allen akamwambia anarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Bado anaibeba ndani ya hotpoti. Lakini afikapo mlangoni kwa watu hamwambii mtu tena kwamba ni kamera tu. Humpa mwenye kapu aishike, akamfungulia betri na kadi, akamwonyesha kila kitufe na kazi yake, hata kama nyuma yake kuna foleni ya wanawake wanaolalamika kwamba jua linawaunguza.